Siku ya Njiani na Deni la Msafiri

Watu waendao kupumzika ugenini wana desturi ya kuhesabu siku zao kama bahili ahesabuvyo fedha. Siku tatu huwekewa mji huu, siku nne mji ule, na ile moja ya katikati, ambayo jamaa huamka mapema, hufunga mizigo na kukaa garini mpaka mji wa pili, huandikwa pembeni kama hasara. Husemwa kuwa ni siku iliyopotea. Neno hili ni jepesi mdomoni lakini ni zito katika mizani ya akili, maana haifai kusema kitu kimepotea kabla ya kujua ni kitu gani na kimelipiwa na nani. Swali listahililo kuulizwa ni hili: Je, msafiri ana deni kwa njia aipitayo, au deni lake lote humalizika anunuapo tiketi?

Na ichukuliwe mfano wa jamaa ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili, waliomaliza siku zao Zürich, katika Uswisi, na watakao kulala Milano, katika Italia. Kati ya miji hiyo imesimama milima ya Alpi. Reli zipo mbili. Ya kwanza ni mpya: hupenya chini ya mlima wa Gotthard katika handaki la kilomita 57, refu kuliko handaki lolote jingine la reli duniani, lililofunguliwa mwaka 2016. Treni hulimaliza kwa dakika 20 hivi, na safari nzima ni ya saa tatu na zaidi kidogo. Ya pili ni ya kale: hupanda bonde polepole, ikijizungusha ndani ya mlima ili ipate kimo, hata kanisa dogo la kijiji cha Wassen huonekana mara tatu, kwanza juu, kisha usawa wa macho, na mwisho chini. Halafu huingia handaki la kilomita 15, kutoka Göschenen mpaka Airolo, lililofunguliwa mwaka 1882.

Baba ataka njia ya kwanza. Hoja yake si ya kudharauliwa. Mapumziko ni mafupi, watoto huchoka, na kila saa iokolewayo njiani ni saa ya kukaa pamoja mjini. Mama ataka njia ya pili. Yeye husema kuwa mtoto afundishwaye kuwa kati ya haja moja na haja nyingine hapana kitu, atakuja kuyaona hivyo hivyo maisha yake: atangoja kuoa, angoje kupanda cheo, angoje kustaafu, na kila kilicho kati akiite hasara. Wote wawili wasema kweli, lakini wote wawili wasema habari za msafiri peke yake. Njia yenyewe haijaulizwa.

Njia ikiulizwa, hujibu hivi. Kazi ya handaki la kale ilianza mwaka 1872. Mkandarasi wake, Louis Favre wa Geneva, aliahidi kuimaliza kwa miaka minane, na mkataba ukamwekea faini kwa kila siku ya kuchelewa. Hapo siku iliyopotea ilikuwa na bei iliyoandikwa kwa wino, na bei hiyo ikateremshwa mpaka ikawafikia wenye nyundo na baruti. Wengi wao walikuwa Waitalia maskini. Walifanya kazi katika giza, moshi, joto na maji yaliyobubujika miambani. Mwaka 1875 waligoma huko Göschenen kwa ajili ya ujira na hewa mbaya. Askari wakapiga risasi, watu wanne wakafa. Hesabu ya serikali hutaja watu 199 waliokufa katika ujenzi. Wengine wengi walirudi makwao wameishiwa damu kwa safura, kwa kuwa minyoo ya maradhi hayo ilistawi katika joto na uchafu wa humo ndani. Favre mwenyewe hakusalimika. Alianguka akafa ndani ya handaki lake mwaka 1879, na wachimbaji wa pande mbili walipokutana mwanzo wa mwaka 1880, kitu cha kwanza kilichopitishwa katika tundu kilikuwa picha yake.

Mchonga sanamu Vincenzo Vela aliwakumbuka wafanyakazi hao kwa mchoro wa wachimbaji wambebao mwenzao aliyekufa juu ya machela. Tangu mwaka 1932 nakala yake ya shaba imesimama katika stesheni ya Airolo. Treni ya haraka haipiti Airolo. Na handaki jipya nalo, lililojengwa kwa mashine kubwa na uangalifu mwingi zaidi, liliwagharimu watu tisa maisha yao.

Mpinzani aweza kusema kuwa msafiri hakumwua mtu, na nauli yake ameilipa. Hili ni kweli, lakini halitoshi. Nauli hununua kiti, umeme na kazi ya mwendeshaji. Uhai wa mtu haukupata kuandikwa katika bei ya tiketi, na kisichoandikwa katika bei hakiwezi kuwa kimelipwa kwa bei. Deni la namna hii halina mahakama, kwa sababu mdai wake amekufa, wala halidaiwi fedha. Ni deni la shukrani, na shukrani isiyodaiwa ndiyo ipimayo moyo.

Mpinzani wa pili ana nguvu zaidi. Husema kuwa handaki lilichimbwa kusudi watu wapite upesi; apitaye upesi ametimiza nia ya kazi, na ajikokotaye juu ya mlima kwa kuwahurumia wafu amekataa zawadi yao. Tena, mtu akilia katika kila handaki na kila daraja, hatapumzika kamwe. Hoja hii yapasa kukubaliwa. Wepesi wa safari si dhambi, na huzuni si malipo. Hapa mama hushindwa kidogo, kwa kuwa upole wa mwendo peke yake haumfanyi mtu kuwa na shukrani. Aweza mtu kupita Wassen akaliona kanisa mara tatu, na asimwone mchimbaji hata mara moja.

Lakini baba naye hushindwa, na hushindwa kwa neno lake wala si kwa uchaguzi wake. Kuipokea zawadi ni halali; kuipokea na kuiita hasara ni jambo jingine. Waswahili husema, msafiri kafiri. Mithali hii hutumiwa kuueleza ugumu wa moyo wa mtu aliye njiani, lakini katika Kiarabu asili ya neno kafiri imo pia maana ya kufunika na ya kukosa shukrani. Asemaye kuwa siku ya njiani ni bure, hufunika kwa neno moja kazi ya maelfu ya mikono. Siku hiyo aiitayo iliyopotea, watu 199 hawakupata kuiona. Kwao kupotea kwa siku hakukuwa msemo.

Basi wakipanda treni ya haraka, na wapande; watoto wana usingizi, na Milano ni mbali. Treni iingiapo gizani na madirisha kugeuka vioo, zimebaki dakika 20 ambazo hazina mandhari ya kutazama. Mzazi aweza kuwaambia wanawe nani aliyelitoboa giza hilo, kwa ujira gani, na kwa nini aliharakishwa. Habari hiyo haihitaji zaidi ya dakika tano. Mtoto aisikiaye hujifunza kuuliza, kila apatapo wepesi, uzito wake ulibebwa na nani. Na swali hilo litamfaa pia atakapokuwa mwenye kuandika mikataba na kuweka faini za siku kwa watu wengine.