Hakuniuliza

Mjomba wangu alikuwa na lori la Bedford TJ, yale ya pua ndefu ambayo Waingereza walianza kuyatoa mwaka wa 1958. Lake lilikuwa la miaka ya sitini, injini ya petroli ya silinda 6, na kabla sijazaliwa lilikuwa likibeba mawe ya Ndarugo kuleta Nairobi. Mwaka jana aliamua kuliuza. Tangazo niliandika mimi, kwa sababu kwetu mtu akiacha chuo na kusema siku hizi anaandika, anapewa kila kitu kinachotaka kuandikwa: barua ya chifu, wasifu wa marehemu, tangazo la lori. Niliandika kwamba linawaka mara moja. Mjomba aliniahidi elfu 20 likiuzwa, na mimi nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili.

Shida ni kwamba lilikuwa linawaka mara moja siku zingine tu. Siku zingine ungebonyeza stata na kusikia krrrrr, kama mtu anasaga changarawe kwa meno, na injini haizunguki.

Tuliita fundi kutoka Kariobangi Light Industries, mzee wa maneno machache. Alianza na betri. Alisema betri ya volti 12 ikishuka chini ya 10 hivi wakati wa kupiga stata, usilaumu kitu kingine kwanza. Ilikuwa sawa. Akaangalia waya wa erthi, akakaza boliti za stata, maana stata iliyolegea hukaa upande na meno hayakutani vizuri. Kelele ikabaki. Akafungua stata na kutoa bendiksi, ile gia ndogo inayoruka mbele kushika ringi gia kwenye flaiwili. Mimi nikachukua mkebe wa oili ili nisaidie. Akanipokonya. Bendiksi ya aina hiyo haipakwi oili, alisema, inaoshwa kwa petroli na kuachwa kavu. Oili inashika vumbi la klachi, na kesho inakwama zaidi.

Baada ya kuosha, akachungulia kwa tochi pale stata ilipotoka huku mimi nikizungusha injini polepole kwa mkono. Ndipo tukaiona. Ringi gia ilikuwa na meno mazima karibu kote, isipokuwa sehemu 3 ambapo yalikuwa yamelika hadi yamekuwa butu. Akanieleza kwa nini. Injini ya silinda 6 ikizimwa haisimami popote tu. Mgandamizo kwenye silinda huifanya isimame karibu sehemu zile zile, 3 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo bendiksi ilikuwa imegonga meno yale yale kwa zaidi ya miaka 50. Dawa yake ni kushusha giaboksi na klachi, kutoa flaiwili, na kubadilisha ringi: unaichoma moto ipanuke, unaiangusha juu ya flaiwili, ikipoa inabana. Kama hupati mpya, unaigeuza kidogo ile ya zamani ili meno mazima yahamie pale injini inaposimama. Kazi ya siku mbili, na pesa ambazo mjomba hakuwa nazo.

"Ama mnunue muda," fundi akasema. Unazima swichi, unaweka gia ya juu, unalisukuma lori mbele hatua ndogo. Injini inazunguka kidogo, jino butu linaondoka, jino zima linakuja. Ukibonyeza stata, linawaka kama jipya.

Mjomba alinitazama, nikajua ananiwazia nini. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi.

Nilisoma falsafa mihula minne kabla karo haijakatika, na mojawapo ya vitu vichache nilivyotoka navyo ni kesi ambayo Cicero anaizungumzia katika De Officiis, kitabu alichokiandika mwaka wa 44 kabla ya Kristo. Mtu anauza nyumba mbovu. Haina afya, mbao zake zimeoza, nyoka wanaingia vyumbani, na hakuna anayejua ila mwenyewe. Je, akikaa kimya amekosa? Cicero anawapanga wanafalsafa wawili wa Stoa. Diogenes wa Babylon anasema hapana: sikukulazimisha kununua, una macho, na kutosema si sawa na kudanganya. Antipater anasema ndiyo: kumwacha mtu atumbukie shimoni huku unaliona shimo ni ubaya uleule wa kumwonyesha njia isiyo sawa makusudi.

Mjomba hajawahi kusikia jina la Diogenes lakini alikuwa upande wake kabisa. "Mpwa wangu, akiuliza, mwambie. Asipouliza, si wewe uliyemnunulia." Na aliongeza hoja ambayo Diogenes hakuwa nayo: huyo mnunuzi ni tajiri wa Karen, anakodisha magari ya zamani kwa harusi na video za wasanii. Elfu 40 kwake ni chakula cha jioni. Kwetu ni kodi.

Hiyo hoja ilinishika, na sidhani ni ya kijinga. Ukikaa Nairobi muda kidogo unaona wenye pesa wakifichiwa na kufichana kila siku, na ukweli unadaiwa kutoka kwa wale wasio na kitu. Mbona niwe mkweli mimi, leo, kwa bei ya kitanda changu?

Jumamosi asubuhi mjomba alikaa kwenye usukani, mimi nikalisukuma lori hatua ile ndogo.

Tajiri alikuja na dereva wake, kijana wa rika langu, kofia imegeuzwa nyuma. Tajiri alizunguka lori akipiga picha. Aliuliza kuhusu rangi, kitabu cha gari na viti. Kuhusu stata hakuuliza. Mjomba akabonyeza, injini ikanguruma hapo hapo. Tajiri akacheka kwa furaha, akamrushia yule kijana funguo. "Utakuwa unaliendesha wewe."

Hapo ndipo nilielewa mahali hoja ya mjomba ilikuwa na tundu. Tulikuwa tunamficha tajiri, lakini kelele ile haingemfikia tajiri. Ingemfikia huyu msee, peke yake, Thika Road saa kumi na mbili jioni, matatu zikimpigia honi nyuma. Kesho yake angeulizwa na bosi: umefanyia nini gari yangu? Kwa sababu kwake lilikuwa linawaka mara moja. Yeye ndiye angeonekana muongo.

Na nikaona kitu kingine, kidogo zaidi. Diogenes anatetea kimya. Mimi sikuwa nimenyamaza, nilikuwa nimesukuma. Lori nililiandaa liseme uongo, halafu nikasimama kando kana kwamba mimi sijasema. Sidai kwamba muuzaji ataje kila kasoro. Gari la miaka 60 lina kasoro mia, na kiti kilichopasuka kila mtu anakiona. Kipimo changu sasa ni rahisi. Mwenzako akisema atapita bila kupiga simu, wakati wowote, roho yako inatulia? Kama ni lazima ujue anakuja ili uandae, basi tayari unaficha.

Nikamwita yule kijana mbele ya bosi wake, nikamwonyesha. Gia ya juu, swichi imezimwa, sukuma kidogo. Nikawaeleza kuhusu zile sehemu 3. Tajiri hakukasirika. Alitoa elfu 45 kwenye bei, akalipa zingine, wakaondoka. Mjomba hakunipa chochote na tulikaa hadi Krismasi bila kuongea. Deni la nyumba nililimaliza kwa kukopa.

Ningependa kumalizia hapo, nikionekana mtu mzuri. Lakini mwaka wote niliouza maneno yangu kwa mjomba, mamangu kule nyumbani alikuwa bado anajua niko chuo. Alikuwa akipiga Jumapili jioni, na kila Jumapili nilikuwa na kitu kizuri tayari: nimesoma kitabu fulani, nimeandika kitu kikasifiwa. Vyote vilikuwa kweli. Hakuwahi kuuliza kama bado nasoma, kwani ni mzazi gani huuliza hivyo? Binamu ndiye alimwambia, mwezi wa pili.

Alinipigia siku ya Jumatano. Hakuuliza kwa nini niliacha. Aliuliza kwa nini ameambiwa na mtu mwingine. Nilianza kusema, "Mama, hukuniuliza," nikasikia vile inavyosikika, nikanyamaza.