Hodi kwenye Kompyuta ya Kazini



Ndugu zangu waumini wa Likasi, wengi tuliomo msikitini humu tunafanya kazi kwenye biro za migodi, za usafirishaji na za benki. Mega zina bei, Wi-Fi ya kazini ni ya bure, basi simu inaunganishwa mtu akiwa bado getini. Humo ndimo tunamoandikia wake zetu, tunamotafuta habari za kisukari cha mama, tunamoulizia kama kuna kazi Kolwezi. Na kwenye chumba cha mafundi wa informatiki kuna mashine inayoandika: simu fulani, saa fulani, imefungua tovuti fulani. Kompyuta ya kampuni inaweza kusomwa zaidi ya hapo, hadi maneno yaliyoandikwa ndani yake, ikiwa fundi ameiwekea programu ya kazi hiyo.

Sahl bin Saad amesimulia, na Bukhari na Muslim wameipokea, kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Mtume alikuwa ameshika kitana cha chuma akijikuna kichwa. Akamwambia kwamba lau angejua anachunguliwa angemchoma nacho jichoni, kwani hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Tazameni ukali huo, unatoka kwa mtu mpole kuliko wote. Yule bwana hakuiba, hakuvuka kizingiti. Aliangalia tu.

Mwajiri atasema: kompyuta ni yangu, umeme ni wangu, saa zako nimezilipia. Ni kweli. Anayelipwa saa nane akatumia tatu kutazama mpira amekula haki ya mtu, na tutaulizwa. Mwenye kampuni ana haki ya kufunga tovuti za kamari, ya kulinda siri za biashara yake, ya kukagua kama kazi imefanyika. Lakini hata mwenye nyumba ya kupanga kuta ni zake, na bado haingii chumbani kwa mpangaji bila kubisha. Hodi ya kazini ni kumwambia mtu mapema, kwa lugha anayoielewa: tunaangalia hiki, anasoma fulani, tunakitunza muda kadha. Asiyesema hayo anapeleleza, na aya ya 12 ya Suratul-Hujurat imetukataza kupelelezana bila kumtoa mwenye mali.

Wazee wetu waliyajua haya kabla ya intaneti. Zama mji huu ulipoitwa Jadotville, kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwajengea kambi, ikawapa posho, ikapima watoto uzito, ikaandika nani ameoa na nani amezaa. Mkuu wa kambi aliweza kujua mambo ya nyumba ya mtu kabla ya mashemeji zake. Wengi waliiita kampuni baba na mama, na hospitali zake zilitibu kweli, sina la kubisha. Ila mwaka 2003, Gécamines iliyorithi kambi zile ilipoachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mkupuo mmoja, mafaili yote yale hayakulisha mtoto wa mtu.

Sheria nayo ipo. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2006 inalinda faragha na siri ya mawasiliano. Na huko Romania, mfanyakazi aliyefukuzwa mwaka 2007, baada ya kuwekewa mezani kurasa 45 za mazungumzo yake, yakiwemo ya ndugu yake na mchumba wake, alishinda tarehe 5 Septemba 2017 mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Majaji walitaka kujua: aliambiwa kabla?

Muawiya amepokea kwa Mtume kwamba ukifuatilia aibu za watu utawaharibu, au utakaribia kuwaharibu. Ipo kwa Abu Daud. Nayaona kila siku. Mtu asiyeaminiwa ananunua simu ya pili, anajifunza kufuta, anageuka mjanja aliyekuwa mkweli.

Nawageukia vijana wetu mafundi wa informatiki, maana nyinyi ndio mmeshika funguo. Mnaweza kuona nani ametafuta dawa za ukimwi, nani anasaka mkopo, nani anaomba kazi kwingine. Ukilitoa hilo kwenye chai umesengenya, na usiniambie umesema kweli: Mtume alishaeleza kwamba kusengenya ni kusema lililo kweli, lisilo kweli ni uzushi. Unazo rekodi, basi dhambi yako ina ushahidi. Bosi akikuambia, nifungulie ujumbe wa fulani nijue ni mtu wa nani, mwombe aandike amri hiyo, aweke sababu na sahihi. Wengi wataahirisha. Akiandika, fungua kilichoandikwa tu, na mwenye ujumbe aambiwe.

Nasi wengine tusingoje cheo cha fundi. Ukikuta mwenzako ameacha WhatsApp yake wazi kwenye kompyuta ya biro, usisome hata mstari wa kwanza. Ifunge, kisha umwambie umeifunga.