Ufa Uliopakwa Rangi

Mjomba wangu alistaafu akiwa na kiinua mgongo na wazo moja: anunue nyumba iliyochakaa, aikarabati, aiuze kwa faida. Akaipata Raskazone, Tanga, hatua chache kutoka baharini. Rangi ilikuwa inabanduka, bati limeliwa na kutu, na kwenye zege lililofunika baraza palikuwa na ufa mwembamba uliofuata mstari wa nondo.

Fundi mwashi, mzee aliyejenga nyumba nyingi za pwani, akaligonga zege lile kwa nyundo. Likalia kama debe tupu. "Bwana mkubwa," akasema, "hili limeoza ndani. Tuanze hapa, kisha paa. Urembo utafuata."

Mjomba akapiga hesabu. Zege na bati vingekula karibu nusu ya fedha alizotenga, na mnunuzi asingeona cha kusifia. Akaona bora aanze na vinavyoonekana: vigae vya sebuleni, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini, makabati ya jikoni. Ufa ukazibwa kwa lipu, ukapakwa rangi. Nyumba ikang'aa. Jamaa tukampongeza, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Lakini zege halidanganyiki kwa rangi. Nyumba nyingi za pwani zilijengwa kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima yenye chumvi, na upepo wa bahari huongeza chumvi kila siku. Chumvi ikifika kwenye nondo huvunja kinga ambayo saruji hukipa chuma. Kutu ikianza, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hulisukuma zege mpaka lipasuke kutoka ndani. Tiba yake ni kubomoa sehemu iliyooza, kusafisha nondo au kuibadilisha, ndipo kumwaga zege upya. Lipu juu ya ufa huo ni kitambaa juu ya jipu.

Machi masika yakaanza. Maji yakapenya kwenye matundu ya misumari ya bati, jipsamu ikalowa, dari ya chumba kikubwa ikashuka. Ikazibwa haraka. Mei akaja mnunuzi na fundi wake. Fundi yule hakushughulika na vigae. Alipanda darini na tochi, akafungua boksi la umeme, akauliza shimo la maji taka lilinyonywa lini, kisha akagonga zege la baraza. Kipande kikaanguka miguuni pake, palepale watoto wa jirani walipozoea kuchezea. Mnunuzi akaaga kwa adabu. Hakurudi.

Sasa Mjomba akalipa mara mbili. Ili bati na mbao zilizooza zibadilishwe, dari mpya ilibomolewa. Ili bomba bovu la maji taka lifikiwe, vigae vipya vilivunjwa. Alipouza, hakurudisha hata fedha zake.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anayekarabati ili auze ana maswali matatu ya kujibu. Kwanza, kasoro hii ikiachwa itaharibu vingine? Paa, msingi, nguzo, lenta, mabomba na nyaya hutangulia, kwa kuwa kila kilichovifunika hubomolewa siku vinapodai matengenezo. Pili, mnunuzi akiigundua ataondoka? Jiko la zamani humfanya aombe punguzo, zege lililooza humfanya akimbie. Tatu, bei ya mtaa itairudisha gharama? Nyumba haiuzwi kwa fedha ulizomwaga ndani yake, huuzwa kwa bei ambayo mtaa unaibeba.

Maswali haya yaulizwe kabla ya kununua, fundi akiwa pembeni, ili gharama ya kasoro kubwa ikatwe kwenye bei unayotoa. Na ukishanunua ukakuta kazi imezidi uwezo wako, iuze nyumba kama ilivyo, mweleze mnunuzi ukweli, ushushe bei. Hasara hiyo utaimudu. Kumuuzia mtu zege litakalowaangukia wanawe ni deni lisilolipika.

Kabla hujanunua kopo la rangi, chukua nyundo, gonga zege, usikilize.