Amana ya Mto Tana

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, mto Tana umwagikao katika bahari yetu huko Kipini hupata maji yake katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Kabla ya kutufikia hupita nchi za Embu na Meru. Embu iko Hifadhi ya Mwea, pale Thiba unapokutana na Tana. Na Meru iko Mbuga ya Taifa iliyowekwa mwaka 1966, yenye mito ya Rojewero na Ura, ambako watu huenda kutazama ndovu, twiga na vifaru wakajifunza.

Huenda msomaji akauliza: haya yahusiana nini na dini? Twajibu: Mtume (S.A.W.) aliufanya mji wa Madina kuwa haram, akakataza miti yake isikatwe wala mawindo yake yasiguswe. Hatusemi kuwa mbuga ina utukufu wa Madina, hasha! Twasema kwamba kutenga ardhi ili viumbe wapate salama si jambo geni lililoletwa na Wazungu. Ni letu, nasi tumelisahau.

Zingatieni. Mwaka 1988 majangili waliingia Meru wakawaua vifaru weupe waliokuwa wakilindwa usiku na mchana. Kifaru huuawa kwa kuwa yuko anunuaye pembe yake. Katika miaka ya 1970 pembe nyingi zilikwenda Yemen kufanywa mipini ya majambia, na walionunua walikuwa ndugu zetu wenye kusali. Na hapa kwetu pwani yuko avaaye ukucha wa simba, au ajipakaye mafuta yake, akidhani vyamkinga na hasidi. Huyo amekusanya makosa mawili: amekitegemea kisichodhuru wala kunufaisha, na amemlipa muuaji.

Akisema, “Mimi sikuua, nimenunua tu,” basi na ajue kuwa kusaidia dhambi ni dhambi. Lau hapana mnunuzi, jangili angewinda kwa ajili ya nani?

Basi waalimu wa vyuo wawafunze watoto haya pamoja na tauhidi, kwani ni mlango mmoja. Na mwenye hirizi ya namna hiyo aivue leo, amtegemee Mola wake.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.