Kuduwaa si Kushangaa

Wapo wanaosema kuduwaa na kushangaa ni yale yale. Hapana, wenzangu. Aliyeduwaa, mdomo wazi, akili imesimama. Anayeshangaa bado anauliza: kulikoni?

Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka Mbagala, Temeke. Watu wamekufa, nyumba zimebomoka, nani asingeduwaa? Pale kuduwaa hakukuwa kosa. Lakini tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka mengine, Gongo la Mboto, jiji hili hili. Sasa hapo, jamani, ukiduwaa tena umeridhia. Mara ya pili ni ya kushangaa, maana mshangao humdai jibu mwenye ghala.

Na wewe unayeshika kalamu, usituduwaze tu. Tushangaze.