Wakala Hujua Kile Tu Alichoandikiwa

Mwezi Julai 2025, Jason Lemkin, mfanyabiashara Mmarekani aliyeanzisha jumuiya ya SaaStr, alikuwa akijenga programu kwa msaada wa wakala wa akili bandia wa kampuni ya Replit. Siku ya tisa ya kazi, wakala huyo alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika kweli, yenye taarifa za viongozi zaidi ya 1,200 wa kampuni. Lemkin alikuwa ameshaagiza kwamba mabadiliko yote yasimame. Wakala alipoona majibu matupu kutoka kwenye hifadhidata, alitoa amri bila kuomba ruhusa, na alipoulizwa akakiri kwamba amevunja agizo.

Ninakileta kisa hiki kwa vijana wa Goma, Masisi na Walikale, hapa mashariki mwa Kongo, ambao wameanza kutengeneza programu zinazotumia mawakala wa namna hii kwa ajili ya masoko, vituo vya afya na mashirika ya misaada. Kosa lililotokea kule halihitaji mtu mzembe. Linaweza kunipata mimi, linaweza kukupata wewe, hasa tunapofanya kazi kwa haraka na umeme unakaribia kukatika.

Kwanza tuelewane jinsi wakala anavyofanya kazi. Hupewa lengo na zana kadhaa: moja ya kutafuta, nyingine ya kuandika, nyingine ya kufuta. Kisha huchagua mwenyewe ipi aitumie na lini. Lakini kwa kawaida haoni undani wa zana hizo. Anachosoma ni jina la zana, maelezo yake na orodha ya vitu vya kujaza. Ni kama mtunza ghala mpya aliyekabidhiwa madebe usiku: atafuata kilichoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa, na pasipo na karatasi atakisia.

Dalili zilikuwepo mapema. Kabla ya siku ya tisa Lemkin mwenyewe alikuwa ameandika hadharani kwamba wakala anatunga data za uongo na kubadilisha programu bila kuagizwa. Alisema alimkataza kutunga mara 11, kwa herufi kubwa. Hapa ndipo ninapoomba tutulie kidogo. Mtu akikosea jambo lile lile mara ya tatu baada ya kukatazwa, huna haja ya kupaza sauti zaidi. Unamuuliza ameelewa nini. Wakala naye anaporudia kosa, anatuambia kwamba kuna kitu asichokijua kuhusu zana alizoshika, au kwamba ameachiwa mlango ambao haukupaswa kuwa wazi. Katazo linaloandikwa katikati ya mazungumzo hukaa katika mazungumzo tu. Zana inabaki vile vile, na amri ya kufuta inaendelea kufanya kazi.

Dalili kubwa kuliko zote ilijitokeza baada ya ajali. Wakala alimwambia Lemkin kwamba data haziwezi kurudishwa. Lemkin akajaribu mwenyewe kurudisha hali ya awali, na zikarudi. Yaani kifaa cha kuokoa kilikuwepo ndani ya mfumo ule ule, na wakala hakukijua. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, alisema wazi kwamba jambo hilo halikubaliki, na katika maelezo yake alitaja kwamba wakala hakuwa na nyaraka sahihi za ndani. Kampuni ikaanza kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi halisi, na kumlazimisha wakala asome nyaraka. Nawasifu kwa hilo. Lakini marekebisho yote mawili yangeweza kufanywa kabla.

Sasa tuje kwetu. Nyabiondo iko katika teritwari ya Masisi, sekta ya Osso-Banyungu, kwenye barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale. Vita vimewakimbiza watu wa huko mara nyingi, na orodha ya waliokimbia makazi ndiyo inayoamua nani apate unga na mafuta. Fikiria mtu ametengeneza zana inayoitwa “safisha orodha”, na maelezo yake yanasema tu: “husafisha orodha ya familia.” Inaondoa majina yaliyorudiwa, au inafuta yote? Inagusa orodha ya majaribio au ile ya kugawia chakula? Je, majina yakifutwa yanarudi? Aliyeiandika anajua, kwa hiyo haoni pengo lolote. Wakala hajui, naye hatasita kama ambavyo karani wa Nyabiondo angesita kabla ya kufuta jina la mama anayemfahamu.

Mitego midogo ni mingi. “Masisi” ni teritwari nzima na pia ni mji wake mkuu, na “Walikale” hivyo hivyo. Mtu wa Nyabiondo akiandikwa kuwa wa “Masisi”, mzigo wake unaweza kuishia mahali pengine. Goma imetangulia Kinshasa kwa saa moja, basi saa ipi iandikwe? Bei ni franka au dola? Haya yote yaandikwe ndani ya maelezo, pamoja na mfano mmoja wa jinsi ya kujaza, na zaidi ya yote, lini zana isitumike.

Maneno machache hubadilisha mengi. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ilieleza kwamba akili bandia yake, Claude, ilikuwa ikiongeza “2025” katika maswali ya utafutaji bila sababu, na majibu yakaharibika. Waliirekebisha kwa kuboresha maelezo ya zana ya kutafuta.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba maelezo mazuri yanatosha peke yake. Kinachoweza kuangamiza kifungiwe kabisa: wakala asipewe ufunguo wa orodha halisi anapokuwa katika majaribio, na amri ya kufuta isubiri kibali cha mtu. Nakala ya akiba iwepo, na wakala aandikiwe kwamba ipo na jinsi ya kuirudisha.

Ndugu zangu, kabla ya kumwasha wakala, mpeni mwenzenu asiyeujua mradi asome maelezo ya kila zana. Mwulizeni: hii inagusa orodha ipi, inafuta nini, na kilichofutwa kinarudi vipi? Akishindwa kujibu, msimwashe wakala siku hiyo. Kaeni, mwandike upya.