Nani Amefanya Hivi?

Mwezi jana, kwenye mkutano wa zoni yetu, dada mmoja wa shirika alituuliza kitu na hakupata jibu. Kuna mtu alikuwa anapunguza unga siku za mgao, kikombe kwa kikombe. Tulikuwa watu zaidi ya 100 chini ya ule mti, na wengi wetu tulimjua. Dada akauliza mara tatu: "Nani anafanya hivi?" Kimya. Mwisho akatuonyesha sanduku la malalamiko, akasema hata bila jina mnaweza kuandika, akaondoka na uso wa mtu aliyedharauliwa.

Dada, kama unasoma hapa, hukudharauliwa. Ule ukimya mimi naujua tangu nikiwa na miaka 13. Nilifundishwa.

Nilisoma shule ya bweni ya wavulana, ya Wakatoliki, huko Kivu ya Kusini. Kengele saa kumi na moja alfajiri, maji ya baridi, misa, halafu uji. Bweni moja lilikuwa na vitanda 60, na chini ya kila kitanda sanduku la bati lenye kufuli. Bugali na maharagi siku sita. Jumapili wali, na huo wali tulianza kuuongelea tangu Alhamisi. Jumamosi tulilima shamba la shule. Jioni tulisoma kimya, furere akipita katikati ya meza kama paka, hata viatu vyake husikii. Sitasema yote yalikuwa mabaya. Kuna nyimbo za Kilatini nilizojifunza kwenye kwaya ya pale ambazo mpaka leo naimba nikiwa kwenye foleni ya maji, na watoto wa jirani wananicheka.

Lakini kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili, au Kishi, au Kifulero, badala ya Kifaransa, unavishwa shingoni. Ili ukivue lazima umnase mwenzako naye anaongea, umvishe yeye. Atakayelala nacho anasafisha vyoo. Hii haikuwa ya shule yetu tu, ilizunguka shule nyingi za Afrika. Hata Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya aliandika jinsi ilivyokuwa kwao. Fikiria ilivyotengenezwa kwa akili: kila mtoto anakuwa polisi wa mwenzake, na mwalimu hahitaji hata kuinuka kwenye kiti.

Sisi wanafunzi tukajibu kwa sheria yetu, ambayo hakuna aliyeiandika. Mtu hamtaji mwenzake. Kama chungwa limeibwa kwenye mti wa mapadri, darasa zima linapiga magoti kwenye changarawe mpaka jua linazama, na jina halitoki. Tulijiona wanaume kweli. Nasema ukweli, hata leo nikikumbuka yale magoti nasikia fahari kidogo.

Shida ni kwamba sheria ileile ndiyo iliyowalinda wakubwa usiku. Kila mwaka wapya walikuwa wanapokewa. Walimwagiwa maji, walifuliwa nguo za wakubwa, walicheza dansi juu ya kitanda na kiatu kichwani. Tuliambiwa ndiyo inayotufanya ndugu. Labda ni kweli kwa yale ya kiatu. Mwaka wangu wa tatu, mtoto mmoja wa kwanza alifunikwa blanketi kichwani akapigwa, na kofi moja likampata sikio. Asubuhi mto wake ulikuwa na damu. Mkuu wa nidhamu akatupanga mstari uwanjani: nani amefanya hivi? Tukapiga magoti kwenye changarawe, wote, kwa fahari ileile.

Kwa miaka mingi sikuona kosa hapo. Nilichoona ni uaminifu.

Kilichonivuruga ni jirani yangu hapa kambini, Mrundi. Yeye kila mwaka tarehe 30 Aprili anawasha mshumaa. Nikamuuliza, akanisimulia habari za seminari ndogo ya Buta, kule Bururi, kusini mwa nchi yao. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia bweni la wavulana wakubwa, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wale vijana wakakataa. Wakauawa 40. Wiki sita kabla, tarehe 18 Machi, kule Nyange nchini Rwanda, wanafunzi wengine waliamriwa vilevile na wakakataa vilevile.

Nilipomaliza kusikiliza, nakiri, wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga: kumbe na wao walikuwa na sheria yetu! Mtu hamtaji mwenzake. Nikalala na wazo hilo siku mbili tatu, linanipa raha. Halafu likaanza kunichoma.

Maana jirani aliniambia pia yaliyotangulia. Baada ya rais Ndadaye kuuawa, Oktoba 1993, nchi iliwaka, na watoto walikuwa wanarudi shule kila mmoja na maiti zake kichwani. Mkuu wa seminari, padri Zacharie Bukuru, hakuwaambia wanyamaze. Waliongea. Yale yale yaliyokuwa yanaua watu nje, wao waliyajadili ndani, pamoja na mpira, ngoma na sala. Sidhani watoto wa namna hiyo walikataa kujitenga kwa sababu ya kuzoea kunyamaza. Walikuwa wameshaambiana mengi, kiasi kwamba mtu wa nje na bunduki yake hakuwa na jipya la kuwaambia.

Sisi tulipiga magoti kwenye changarawe kwa ajili ya nani? Aliyepiga alikuwa na miaka 18, mwenye nguvu kuliko wote bwenini. Aliyepigwa alikuwa 12. Buta mnyonge alikuwa yule ambaye angetajwa, na wenzake wakamfunika. Kwetu mnyonge alikuwa yule aliyehitaji jina litajwe, na sisi tukamfunika mwingine. Ukiwa mbali, ukimya wote unafanana. Ndiyo maana naogopa watu wanaosifu umoja bila kuuliza nani yuko chini yake.

Narudi kwa dada wa shirika. Tulikotoka, mtu akija na karatasi akiuliza majina, haikuwa kwa ajili ya unga. Kuna mama hapa ambaye mume wake alitoka nyumbani kwa sababu jina lake lilisomwa kwenye karatasi. Sanduku la malalamiko halijui hilo. Nasi pia tusijidanganye: yule mpunguza unga si mtoto wa Buta. Ana mabati mapya na redio kubwa, na wanaokosa kikombe ni wajane na wazee wasio na mtu wa kuwabebea gunia. Kumnyamazia ni changarawe ileile ya shule yetu.

Mimi sikuandika kwenye sanduku. Nilimfuata mwenyewe, na wazee wawili, tukamtaja mbele ya uso wake. Ametukana sana. Mgao uliofuata vikombe vilijaa, ule wa juzi sina uhakika.

Na kuna jambo lingine, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Yule mtoto wa blanketi yuko hapa kambini, zoni nyingine. Ana wake na watoto. Tukikutana kwenye mgao bado ananiita yaya, kwa heshima ya shule. Sikio la kushoto halisikii. Hakuwahi kumjua aliyempiga, na hakuwahi kuniuliza.

Wiki iliyopita nilikaa naye juu ya magunia, nikamwambia jina. Halafu nikamwambia kwamba blanketi lilishikwa kona nne, na kona moja ilikuwa mikononi mwangu. Niliongea chini, watu walikuwa wengi. Akageuza kichwa.

"Sema tena, yaya," akasema. "Njoo upande huu."